Sweta Huanzia Kwenye Msokoto

Anayenunua uzi dukani ili afume sweta hukuta mengi yamekwisha kuamuliwa. Unene wa uzi umeshapangwa, ulaini wake umeshapangwa, na hata jinsi kitambaa kitakavyolala mwilini imepangwa kiwandani na watu wasiomjua mvaaji. Yeye huchagua rangi na mtindo, kisha huanza kufuma. Anayesokota uzi wake mwenyewe huanza mbali zaidi, kwenye mgongo wa kondoo. Ni huko anakoamua kama sweta litakuwa jepesi lenye joto au zito la kudumu, kama pindo za mikono zitachakaa mapema, kama kola itawasha shingo. Nimekaa karibu na wasokotaji wa sufu kwa muda wa kutosha kuamini kwamba sehemu kubwa ya sweta huwa imeshatengenezwa kabla sindano haijaguswa. Hutengenezwa pale nywele za sufu zinapopokea msokoto, na msokoto huo ndio ninaotaka kuueleza.

Kwetu Afrika Mashariki si kila kondoo anafaa kwa kazi hii. Kondoo mwekundu wa Wamaasai, na yule wa mwili mweupe na kichwa cheusi aliyetokea pande za Somalia, wana nywele fupi zisizosokoteka. Kondoo wa sufu waliletwa na walowezi wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20, wakazoea nyanda za baridi za Kenya: Molo, Nyandarua, Laikipia, miteremko ya Mlima Kenya. Wapo Merino, na wapo Corriedale, aina iliyopatikana Nyuzilandi katika karne ya 19 kwa kupandisha Merino na Lincoln. Mjini Nanyuki kuna kikundi cha akina mama, Nanyuki Spinners and Weavers, ambacho tangu miaka ya 1970 kimekuwa kikisokota sufu kwa mkono na kufuma mazulia. Nawaheshimu sana akina mama hao. Ila zulia huficha mengi: uzi ukiwa mnene hapa na mwembamba pale, mtambo huukaza na mguu wa mkanyagaji hautambui. Sweta hukaa kwenye ngozi ya mtu, hunyooka anapoinama, hufuliwa, huvaliwa tena, na kila udhaifu wa uzi hujitokeza. Kwa hiyo anayesokota uzi wa sindano ndiye ninayemtazama kwa makini zaidi.

Kazi yake huanza kwa kutembea kuizunguka meza. Sufu iliyokatwa vizuri hutoka kwa kondoo ikiwa imeshikana, kipande kimoja kipana kinachotandazika. Mabegani na shingoni kuna sufu laini kuliko zote. Ubavuni ipo nzuri na ya kutosha. Mapajani nywele hunenepa na kunyooka; tumboni na mkiani kuna uchafu mtupu, na hiyo hupelekwa shambani ikawe mbolea. Kisha huchomoa shungi moja, hulishika ncha kwa ncha, hulisogeza sikioni na kulivuta kwa ghafla. Sufu yenye afya hulia mara moja, kwa sauti kavu, ikabaki nzima. Sufu dhaifu huchachatika, na ukiitazama utaona imekatika kwenye mstari mmoja. Mstari huo ni majira. Ndipo kondoo alipougua, au kiangazi kilipokausha malisho, unywele ukaota mwembamba kwa majuma kadhaa kisha ukaendelea kama kawaida. Sufu ya namna hiyo itakatika vipande wakati wa kuchanwa, na sweta lake litajaa vidonge vya manyoya, hata msokotaji awe bingwa. Nakipenda sana kipimo hiki cha sikio. Hakina gharama, hakichukui muda, na kinaokoa kazi ya miezi.

Ukilipeleka shungi hilohilo kwenye mwanga utaona halikunyooka. Lina mawimbi madogo yanayofuatana kutoka shinani hadi nchani, na kadiri nywele zilivyo nyembamba ndivyo mawimbi yanavyosongamana. Unywele wa Merino huwa na upana wa maikroni 15 hadi 24. Wa Corriedale ni 25 hadi 31 hivi. Mawimbi hayo ndiyo yanayoufanya uzi wa sufu unyumbuke na kurudi, na ndiyo yanayoacha vinafasi vya hewa vinavyoshikilia joto la mwili. Sufu pia hunywa unyevu, hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, kabla mvaaji hajajihisi amelowa. Mtu wa nyanda za ukungu anaelewa thamani ya jambo hilo. Juu ya kila unywele kuna magamba yasiyoonekana kwa jicho, yote yakielekea nchani. Kwa magamba hayo nywele hushikana zinaposokotwa. Kwa magamba hayohayo sufu nzima huharibika ikioshwa kwa pupa.

Sufu ghafi imejaa mafuta, jasho na vumbi, na ikishaoshwa huweza kupungua uzito kwa theluthi moja hadi nusu. Mafuta yake, lanolini, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 40 hivi, kwa hiyo maji hutakiwa yawe ya moto kupita mkono unavyostahimili, nyuzi 60 au zaidi, yenye sabuni ya kutosha. Sufu huzamishwa taratibu, ikaachwa humo, ikatolewa kabla maji hayajapoa na kuyarudisha mafuta. Haikorogwi wala haifunguliwi bomba juu yake. Ikitikiswa katika maji ya moto, au ikitoka kwenye moto na kuingia ghafla kwenye baridi, magamba huumana na kila kitu hugeuka bonge moja lisilochambulika. Kwa mtu aliyelelewa akijua kwamba kufua ni kufikicha, kukaa kando ya beseni bila kugusa kitu ni somo gumu kuliko kusokota kwenyewe.

Ikikauka, huchambuliwa kwa vidole, shungi baada ya shungi, ili majani na mbegu zidondoke. Kisha njia hugawanyika, na hapa upo uamuzi mkubwa wa kwanza. Ukitumia brashi mbili pana zenye meno mafupi ya waya, ukaihamisha sufu kutoka moja hadi nyingine, nywele ndefu na fupi hukaa pamoja, zimelala huku na huku, na huviringwa kuwa gombo jepesi. Uzi wa magombo hayo huwa umejaa hewa, una joto, ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Ukitumia vitana vyenye meno marefu ya chuma, nywele fupi hubaki kwenye meno na ndefu hutoka zimelala sambamba. Uzi wake huteleza, hung'aa, una nguvu, na hauna joto jingi kwa kuwa hewa ndani yake ni kidogo. Nimesikia watu wakishindana ni njia ipi bora. Ni ubishi wa bure mpaka ijulikane nani atavaa nini, na wapi. Sweta la mchunga ng'ombe anayeamka alfajiri ya Julai huko Kinangop linataka njia ya kwanza. Soksi, ambazo kiatu kitazisaga kila siku, zinataka ya pili.

Kifaa cha kujifunzia kusokota ni kijiti chembamba chenye kisahani kilichochomekwa karibu na ncha moja. Unafunga kipande cha uzi wa zamani kwenye kijiti, unaishikiza sufu kwenye ncha ya uzi huo, unakizungusha kijiti kwa vidole, kisha unakiachia kining'inie. Kinapozunguka, msokoto hupanda kwenye uzi, na kazi ya mikono ni kuipunguza sufu, kuivuta kidogo kidogo iwe nyembamba kabla msokoto haujaifikia. Msokoto ukiwahi, sufu hujifunga na haivutiki tena. Ukichelewa, nywele huachana na kijiti huanguka sakafuni. Kati ya kuwahi na kuchelewa kuna nafasi ndogo, na ujuzi wa msokotaji umo ndani ya nafasi hiyo.

Walimu wazuri hawamlazimishi mwanafunzi afanye mambo yote mawili kwa pamoja. Humwambia akizungushe kijiti, akibane katikati ya magoti, ndipo avute sufu na kuuruhusu msokoto uliokwisha kukusanyika upande polepole. Zungusha, bana, vuta, achia. Kwa siku za mwanzo uzi hutoka na vinundu, kisha nyembamba, kisha vinundu tena. Halafu, pasipo mwanafunzi kujua ni lini hasa, vidole huanza kutambua unene bila kuangalia. Macho huhamia kwenye sufu iliyo mbele, yakitafuta kipande cha jani au nywele zilizofungamana kabla hazijafika. Ukimwona mwanafunzi ameanza kutazama mbele hivyo, ujue ameshavuka.

Mwanamke ambaye mikono yake nimeitazama zaidi alikuwa amesokota tangu utotoni, ila hakuwa akisokota sufu. Alizaliwa katika nyumba ya kusuka vyondo. Katika kazi ya kiondo mkonge huviringishwa juu ya paja kwa kiganja: kiganja kikienda mbele, ncha mbili hujisokota kila moja peke yake, kikirudi nyuma, hupotana kuwa uzi mmoja. Wanawake wa Kikuyu na Kikamba wamefanya hivyo vizazi na vizazi, njiani, wakizungumza, bila hata kuangalia chini. Alipokutana na sufu akiwa mtu mzima, hakuna aliyehitaji kumweleza msokoto ni nini. Alichohitaji kujifunza ni umbali. Unyuzi wa mkonge ni mrefu kiasi kwamba mtu anaweza kuubana popote. Unywele wa Corriedale hauzidi sana urefu wa kidole. Nilimuuliza, "Mama, mbona sufu yako inateleza na ya wanafunzi inakataa?" Akajibu, "Tazama mikono yao, mwanangu, ilivyokaribiana. Unywele uleule umeshikwa huku na umeshikwa huku. Utaendaje?" Akawasogezea mikono, umbali uliozidi kidogo urefu wa shungi, na sufu ikaanza kwenda.

Pwani yetu nayo ilisokota, karne nyingi kabla ya walowezi na kondoo wao, ingawa ilikuwa pamba. Katika magofu ya Kilwa, na ya Shanga huko kisiwa cha Pate, wanaakiolojia wameokota visahani vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu, vimetobolewa katikati ili kijiti kipite. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alitaja nguo zilizofumwa mjini humo na kupelekwa hadi Misri. Mtu aliyewahi kusokota akikishika kisahani cha namna hiyo, jambo la kwanza hukipima uzito kiganjani. Nyuzi za pamba ni fupi, zinataka kijiti kinachozunguka kasi mno bila kuzielemea. Sufu ndefu hustahimili kisahani kizito kinachozunguka taratibu na kwa muda mrefu. Nguo huoza, kigae hubaki, na kwa uzito wake mtu anaweza kukisia uzi uliopita hapo.

Sasa turudi kwenye msokoto. Uzi uliosokotwa kidogo huwa laini, umevimba, na dhaifu. Mizunguko ikiongezeka, uzi huwa imara na mwembamba, na ulaini hupungua. Ikipita kiasi, uzi hujikunja wenyewe ukawa vifundo mara tu unapoulegeza. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila kitu. Wasokotaji wengi huanza na sufu yenyewe: huhesabu mawimbi katika inchi moja ya shungi, kisha hujaribu kuupa uzi uliokamilika mizunguko ya kadiri hiyo. Ni kanuni ya kuanzia tu, na mzoefu huiacha anapotaka uzi wa kazi maalumu. Hata hivyo naiona kanuni nzuri, kwa sababu inamfanya mtu aiulize sufu kabla ya kuiamuru.

Uzi wa ncha moja, ukifumwa jinsi ulivyo, mara nyingi huleta jambo ambalo mfumaji wa uzi wa dukani hajawahi kuliona. Sweta hupinda. Safu za vitanzi huegemea upande mmoja na mshono wa ubavuni huzunguka kuelekea tumboni, kwa kuwa msokoto ndani ya uzi bado unatafuta kufunguka, na kitambaa chote kinaufuata. Dawa yake ni kupota. Ncha mbili au tatu zilizosokotwa kuelekea kulia hupotwa pamoja kuelekea kushoto. Sehemu ya msokoto wa kwanza hufunguka, msokoto wa pili hushika nafasi, na nguvu mbili zinazopingana huzuiana hadi zinatulia. Uzi uliosawazika hivyo ukifungwa shada na kutundikwa, hukaa wazi, umbo la herufi U. Shada likijizungusha, upande mmoja bado una nguvu kuliko mwingine, na msokotaji huurudisha kwenye kijiti.

Hatua ya kupota hunifurahisha kila ninapoiona. Ncha moja ina mahali pake penye unene na pake penye wembamba. Ikikutana na mwenzake, unene wa huyu mara nyingi huangukia wembamba wa yule, na uzi unaotoka huwa sawia kuliko ncha zote mbili zilivyokuwa. Idadi ya ncha nayo hubadilisha sweta. Ncha mbili hutoa uzi ulio bapa kidogo. Vitanzi vyake huachana na kuacha vivuli kati yao, na hiyo hufaa sana kwa fuma ya matundu. Ncha tatu hutoa uzi wa mviringo unaojaza kila nafasi, na michoro ya kusukana huinuka juu yake waziwazi. Uzi huo pia hustahimili msuguano zaidi.

Baada ya hapo shada huloweshwa katika maji ya uvuguvugu, hukamuliwa ndani ya taulo, hupigwapigwa kwenye ukingo wa meza na kutundikwa likauke. Mara nyingi uzi unaoshuka kwenye kijiti ukiwa mgumu na mkavu hutoka majini umevimba, umelainika, kila ncha imekaa mahali pake. Nimewaona wanafunzi waliokwisha kata tamaa na mashada yao wakiyapokea kutoka kwenye kamba ya kuanikia kwa mikono miwili.

Sweta la mtu mzima huhitaji gramu 500 hadi 700 za uzi, na kwa uzi wa unene wa kati hizo ni zaidi ya mita 1,000. Mita ya mwisho inapaswa kufanana na ya kwanza, ingawa kati yao imepita misimu. Wengi wanapofikia kazi ya ukubwa huo huwa wameshahamia kwenye gurudumu la kukanyagwa kwa mguu, ambalo huuviringa uzi lenyewe na kuiacha mikono yote miwili ishughulike na sufu. Hata hivyo hakuna mkono unaokumbuka unene kwa muda mrefu hivyo. Kwa hiyo uzi wa siku ya kwanza huzungushiwa kwenye kadi ndogo, kadi hufungwa kwenye gurudumu, na kila kikao huanza kwa kulinganisha. Wakati wa kufuma, mtu mwangalifu hutumia mashada mawili kwa zamu, safu mbili kutoka hili na mbili kutoka lile, ili tofauti ndogo zichanganyike.

Uzi wa dukani huja na karatasi inayosema sindano ipi itumike. Hapa karatasi hiyo huandikwa na mfumaji mwenyewe. Hufuma kipande cha mraba, hukifua, hukikausha, ndipo anahesabu vitanzi vyake katika sentimita 10. Kufua ni lazima, maana uzi uliosokotwa kutoka kwenye magombo hufumuka baada ya kuguswa na maji na kujaza mianya. Aliyeufuma kwa kuukaza atapata ubao. Huufuma kwa sindano nene kidogo, huacha kitambaa kionekane legevu mwanzoni, na kuyaachia maji yamalize kazi. Na vidole vinavyofuma vikiwa ndivyo vilivyosokota, jambo jingine hutokea: mfumaji anajua kwa nini. Akifika mahali ambapo uzi umekaza, hulegeza kitanzi bila kusimama, kwa kuwa mkono wake unaufahamu uzi huo tangu ulipokuwa sufu.

Ustadi huu ulifika mbali mno huko Unst, kisiwa cha kaskazini kabisa miongoni mwa vile vinavyokaliwa na watu katika visiwa vya Shetland, Uskoti. Kondoo wa huko ni wadogo, wamezoea upepo na malisho haba, na sufu yao ni laini sana. Mwanzoni mwa kiangazi sufu ya zamani hulegea yenyewe, na desturi ilikuwa kuinyonyoa kwa mkono badala ya kuikata kwa mkasi. Sufu ya shingoni, laini kuliko zote, iliwekwa kando kwa ajili ya shali. Zile bora kabisa zilijulikana kwa pete ya ndoa: shali ya mraba, upande wake karibu mita mbili, iliyojaa matundu ya mawimbi na majani, iliweza kupita yote ndani ya pete hiyo. Uzi wake ulikuwa wa ncha mbili, kila ncha nyembamba kuliko uzi wa cherehani.

Nimejaribu mara nyingi kuelewa msokoto wa uzi huo ulikuwaje. Nywele chache tu zimelala pamoja katika kila ncha. Msokoto ukipungua kidogo, uzi hukatika shali inapotandazwa. Ukizidi kidogo, uzi huwa mgumu na shali hailali mabegani. Wanawake walisokota hivyo kwa magurudumu madogo ya kusimama, katika nyumba za taa za mafuta ya samaki, wakati wa baridi ambapo urefu wa mchana katikati ya Desemba hautimizi saa sita. Wakati wa kufuma walivaa mkanda wa ngozi wenye kijimto kilichojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Sindano moja ilichomekwa humo ikatulia, na mkono wa kulia ukabaki huru kuurusha uzi kwa kasi. Kwa mkanda huo waliweza kufuma wakitembea, mgongoni wamebeba tenga la udongo mkavu wa kinamasi unaochomwa kama kuni. Shali haikufumwa hivyo, bila shaka. Hizo zilikuwa soksi na fulana za kila siku. Shali ilitaka kiti na utulivu. Ilipokamilika ilifuliwa, ikafukizwa salfa ili iwe nyeupe, kisha ikatandwa kwenye fremu ya mbao, kila pembe ya ukingo ikivutwa kwa uzi mpaka ikauke na michoro ifunguke.

Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, kazi za Shetland zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa, na mabibi wa Ulaya wakazitaka. Waliozifuma hawakupata fedha. Wafanyabiashara wa visiwani waliwalipa kwa chai, vitambaa na bidhaa nyingine za maduka yao, kwa bei walizopanga wao. Mwanamke aliyehitaji unga alilazimika kuitafutia chai hiyo mnunuzi miongoni mwa majirani. Tume ya serikali ya Uingereza ilikwenda kuchukua ushahidi, na ripoti yake ikatoka mwaka 1872. Kila ninapofikiria shali zile naikumbuka ripoti hiyo, na hasira yangu haipoi. Mikono iliyoweza kupima msokoto wa nywele chache gizani ilinyimwa hata uhuru wa kuchagua itanunua nini.

Kwetu leo mteja hulishika sweta la uzi wa mkono, huuliza bei, kisha hulilinganisha na la mtumba. Simlaumu kwa kutafuta nafuu. Namtaka tu ajue anacholinganisha. Saa za kusokota kwa kawaida huzizidi saa za kufuma, na kabla yake zimepita saa za kuchambua, kuosha na kuchana. Yote hayo hayaonekani kwenye sweta lililokunjwa mezani. Huonekana baadaye, likivaliwa mwaka wa tatu, wa tano.

Yule mama wa vyondo huwafumia wajukuu wake, na kwao huutumia ujuzi wake wote. Kifua na mgongo huvifuma kwa uzi wa magombo wa ncha mbili, kwa sababu hapo panatakiwa joto. Pindo za mikono huzisokotea uzi wake peke yake: sufu ya mapajani, ile nene ambayo wengine huitupa, imechanwa kwa kitana, imesokotwa kwa kukazwa na kupotwa ncha tatu, maana hapo ndipo mtoto anapofutia pua, anapokwangua ukuta, anapoburuza kwenye dawati. Mikono huifuma kutoka begani kushuka chini, na shada moja la uzi wa pindo huliweka kabatini. Mtoto akirefuka, pindo hufumuliwa, vitanzi hurudishwa kwenye sindano, na mkono wa sweta huongezwa sentimita nne au tano kabla shule hazijafunguliwa.